Lugha Moja, Majeshi Mawili: Mwongozo kwa Mpeleka Habari baina ya Bwera na Kasindi

Madhali umekubali kazi ya ukalimani, au ukarani wa ujumbe, au usaidizi wa afisa anayeunganisha askari wa pande mbili za mto Lhubiriha, Bwera ya Uganda huku na Kasindi ya Kongo kule, sharti nikuambie mapema jambo ambalo mimi nililifahamu kwa kuchelewa: hatari kubwa katika kazi hiyo haitoki kwa mtu asiyejua Kiswahili, bali hutoka kwa mtu anayekijua. Asiyejua huuliza, au hutikisa kichwa akatafutiwa wa kumfasiria. Lakini anayejua, akisikia neno alilolizoea tangu utotoni, hulipokea kwa maana ile aliyolelewa nayo, akaenda zake ameridhika, ilhali aliyelitamka alikusudia jambo jingine kabisa. Na siku ya kuulizana wote wawili huapa kwamba walielewana.

Nakuandikia nikiwa Rukoki, zilipo ofisi za wilaya yetu ya Kasese, mahali ambapo barua za Kiingereza hufika asubuhi, maneno ya Kilhukonzo husemwa barazani mchana, na Kiswahili huingia pamoja na malori yanayopanda kutoka Mpondwe. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda na ya Kongo yamekuwa yakipigana bega kwa bega ng'ambo ya mpaka dhidi ya waasi wa ADF, katika operesheni waliyoipa jina la Kiswahili, Shujaa. Nyaraka za jeshi letu ni za Kiingereza, na za wenzetu ni za Kifaransa. Kambini kwao kwa muda mrefu imesemwa Kilingala, hata operesheni yao wenyewe ya mwaka 2014 dhidi ya maadui hao hao waliiita Sukola, maana yake kuosha, neno ambalo mtu wa Bwera asiyejua Kilingala hana analolipata ndani yake. Kiswahili basi ndicho kilichobaki katikati, nacho ndicho utakachokitumia. Walakini usidhani kwamba kwa kuwa ni kimoja kwa jina ni kimoja kwa maana.

Wala si jambo geni katika nchi hii kwamba askari wapokee istilahi kutoka mbali, wakazivaa kama walivyovaa kofia. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Lugard alipita katika uwanda huu huu ulio chini ya Rwenzori, akajenga boma Katwe penye ziwa la chumvi, kisha akaendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri, chini ya mkuu wao Selim Bey. Wale walikuja na majina ya vyeo waliyoyarithi katika jeshi la Misri, ambayo ni Kituruki kilichopita katika vinywa vya Waarabu: ombashi, shaush, bulukbashi, efendi. Mengi ya hayo yamekwisha kufa. Lakini efendi halikufa, bali lililainika ulimini hadi likawa «afande», na leo kijana wa Kilembe asiyejua kama Uturuki iko mashariki au magharibi humwita hivyo mkuu wake, na mwenzake wa Nairobi na wa Dodoma vilevile. Hilo ni neno lililofaulu, na sababu ya kufaulu kwake ni kwamba lina kazi moja tu. Maneno yatakayokutaabisha ni yale yenye kazi mbili.

Chukua neno kutosha. Kwetu sisi, na kwa watu wa pwani tuliofundishwa vitabu vyao, kitu kikitosha kimekuwa kadiri ya haja. Katika Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa, kuondoa kitu mahali kilipo. Mtu wa Beni akisema «mutoshe watu pale», anaagiza watu waondolewe. Aliyesoma Kiswahili darasani Kasese husikia habari ya watu wanaotosha, akashangaa watoshe kwa nini, na huku muda unapita. Chukua askari: kwa Mtanzania ni mwanajeshi au polisi, kwa Mganda, aghalabu, ni mzee anayelinda lango usiku akiwa na rungu na tochi, na Mkongo akitaka kumtaja mwanajeshi yu tayari kumwita soda, na wakiwa wengi, basoda, jambo ambalo duka lolote la Bwera lingelijibu kwa kumfungulia chupa. Chukua wazalendo, neno zuri ambalo waalimu hulitumia siku ya uhuru: katika Kivu ya leo wazalendo ni makundi yenye bunduki, na taarifa isemayo «wazalendo wamepita» si habari ya maandamano ya kuipenda nchi.

Nalo kikosi ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu halina ukubwa. Jeshi la Tanzania limelifunga kwa kaida, hata kila kambi ina namba yake na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Lakini katika magazeti na vinywani kikosi ni watu kumi wa doria, na kikosi ni maelfu waliotumwa na Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Basi usiandike kikosi pasipo hesabu. Andika seksheni, platuni, kombania, batalioni, brigedi, ambayo ni majina yenye vipimo. Na kama huna hakika ya kipimo, andika idadi ya watu walioonekana, ukaacha kuwapa jina.

Juu ya raia sina budi kusema zaidi kidogo, maana hapa kosa la lugha linagusa sheria. Raia ni mwenyeji wa dola, mwenye kitambulisho chake. Na raia pia ni mtu yeyote asiyepigana, ambaye Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda awe mwenyeji au mgeni. Mwanamke wa Kisinga aliyevuka Kasindi kununua mawese si raia wa Kongo, na ni raia kabisa. Askari akiulizwa na mkuu wake kwa redio, «Hao ni raia?», akajibu kwa unyofu, «Hapana, ni Waganda,» amesema kweli kwa maana ya kwanza na ameangamiza watu kwa maana ya pili. Mimi nakushauri usiliache neno hilo lipite peke yake: sema «mtu asiye na silaha, asiyepigana», hata ikiwa sentensi imerefuka. Redio haitozwi kwa neno.

Sasa tuje kwenye sauti, kwa sababu maneno yako hayatapita mezani bali yatapita hewani, katikati ya milima, penye mvua na mkwaruzo. Kiswahili kina kasoro moja ambayo washairi huiona kuwa neema: maneno mengi yametenganishwa na irabu moja tu. Funga na fungua ni maneno yenye maana za kinyume, na hewani hutofautiana kwa pumzi ndogo ya u; mpe mtu mwenye mafua amri ya kufungua njia uone itakavyofika. Shika daraja na shuka darajani ni kazi mbili. Rudia, yaani sema tena, na rudi, yaani ondoka urejee ulikotoka, ni maneno mawili ambayo katika kelele ni moja. Wazungumzao Kiingereza katika redio za jeshi nao wamelijua balaa la namna hii, hata wakaliharamisha neno lao la kurudia katika mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa kwa wapiga mizinga maana yake ni kufyatua tena pale pale. Nao husema badala yake «sema tena». Nasi tufanye hivyo hivyo. Usiagize kufungua, agiza magari yapite. Usiagize kufunga, agiza magari yazuiwe. Usiseme rudi, taja mahali mtu anapokwenda.

Hesabu zina hila yake. Tatu na tano huanza kwa silabi moja, na nne na nane, zikisemwa haraka, huwezi kuzitenga pasipo kumtazama msemaji mdomoni. Mwenzako wa Kongo, kwa upande wake, aghalabu huhesabu kwa Kifaransa hata akiwa katikati ya sentensi ya Kiswahili, naye atakwambia septante kwa sabini na nonante kwa tisini, kama walivyofundishwa na Wabelgiji, ilhali kitabu chako cha Kifaransa cha Paris kinahesabu sabini kwa namna nyingine. Kaida niipendayo ni hii: kila namba itajwe tarakimu moja moja, kisha itajwe mara ya pili, na mpokeaji aisome kutoka katika karatasi yake, si kutoka kichwani. Kusomeana namna hii huwachosha wakubwa wenye haraka, waache wachoke.

Herufi je? Hapa utaona ajabu. Mwingereza aitamkapo herufi E, sauti yake ni i. Mfaransa aitamkapo I, sauti yake ni i vilevile. Mwingereza akisema ji, anataka G. Mfaransa akisema ji, anataka J. Basi mtu wa Bwera na mtu wa Kasindi wanaweza kuandikiana jina la kijiji kwa herufi, kila mmoja akawa sahihi kwa shule yake, na kijiji kikahamia bonde jingine. Dawa ilikwisha kutengenezwa na wengine, nayo ni ile orodha ya Alfa, Bravo, Charlie, Delta, iliyothibitishwa mwaka 1956 kwa ndege na kwa majeshi mengi ya dunia. Itazame vizuri uone uangalifu wa walioitunga: Alfa wameiandika kwa f ili asiyejua Kiingereza asihangaike, na Juliett wameiwekea t mbili mwishoni, maana ingekuwa moja Wafaransa wangeimeza. Jifunze yote 26 mpaka uyataje usingizini, na usikubali orodha ya kienyeji ya ndizi, embe na muhogo, ambayo ni tamu lakini haina mwenziwe ng'ambo.

Lakini hakuna mahali ambapo mpeleka habari wa mpaka huu anatahiriwa kwa uchungu kama katika saa. Mwaka mmoja niliandika kwa mkono wangu mwenyewe barua ya kuwaalika wakubwa wa wafanyabiashara wa pande mbili, mkutano ufanyike Bwera «saa 4». Wenyeji wakaja saa nne asubuhi kwa hesabu ya Waswahili. Wa Kasindi wakaja saa nne yao, ambayo kwetu ilikuwa saa tano, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja kamili, na daraja la Mpondwe ndilo mahali saa inapobadilika. Mgeni wetu kutoka Kampala, asomaye saa kama ilivyoandikwa usoni pake, akafika alasiri saa kumi, jua likielekea Kongo, akakuta viti vinapakiwa kwenye gari. Tulicheka, kwa sababu ulikuwa mkutano wa bei za mihogo. Ungekuwa mkutano wa platuni mbili zinazokaribiana gizani nisingekuwa na cha kucheka.

Kwa hiyo katika kazi yako saa ya Kiswahili iache nyumbani, ingawa ndiyo yenye akili zaidi, ikianza siku pamoja na jua. Andika tarakimu sita, mbili za tarehe na nne za saa kwa hesabu ya 24, kisha herufi ya majira: Uganda ni C, mashariki ya Kongo ni B, na saa ya Greenwich ni Z. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe 14, Bwera, itaandikwa 140630C. Wakati huo huo kwa saa ya Kasindi ni 140530B. Na kwa Greenwich ni 140330Z. Tarakimu zisizo na herufi ni kama barua isiyo na sahihi. Irudishe kwa mwenyewe.

Mintarafu ya ramani, Mwenyezi Mungu ametuweka mahali pagumu kupita tunavyostahili. Mstari wa longitudo ya 30 mashariki unapita kati ya Kasese na Bwera, nao Ikweta unakatiza hapo hapo karibu na Kikorongo. Na kwa kuwa gridi ya kijeshi hubadili ukanda katika mistari yote miwili, kanda nne zinakutana katika wilaya hii moja. Rukoki ninapokaa ni 36N; Bwera ni 35N; Katwe, kusini ya Ikweta, ni 35M. Tarakimu za mraba hurudi zile zile kila baada ya kilomita 100, basi anayetaja tarakimu pasipo kutaja ukanda na herufi za mraba wake ametaja mahali pengi kwa mpigo. Fauka ya hayo, ramani za zamani za Uganda zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, na vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84, na tofauti ya hayo mawili katika nchi yetu ni yapata mita 300: umbali wa kutoka kanisani hadi sokoni. Uliza siku zote, «Umeisoma katika karatasi au katika kifaa?»

Mstari huo wa 30 una kisa chake, nami siwezi kuupita kimya. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana kwamba ndio uwe mpaka, wakauchora kwa rula, pasipo mmoja wao kujua barabara milima na maziwa yako upande gani. Wapimaji walipofika wenyewe wakakuta nchi haifuati karatasi. Ikabidi kukaa tena, na kwa mapatano ya mwaka 1910 na 1915 mpaka ukahamia kileleni mwa Rwenzori, penye Margherita ya mita 5,109, ukashuka na maji ya Lhubiriha. Wakonzo wakabaki huku na Wanande kule, watu wenye lugha inayokaribia kuwa moja. Alama moja isiyoafikiwa maana iliwapa maofisa kazi ya miaka 20, na wenyeji kazi isiyokwisha mpaka leo.

Na ukitaja ukingo wa mto, usiseme «ng'ambo», kwani ng'ambo ni mahali asipokuwapo msemaji, na kila msemaji ana ya kwake. Simama kwa fikra katikati ya maji, utazame yanakokwenda: mkono wako wa kulia ndio ukingo wa kulia, hata kama unauona kutoka Kasindi au kutoka Bwera. Lhubiriha unashuka kusini kuelekea Ziwa Edward. Basi Kongo iko kulia na Uganda iko kushoto, jana, leo na kesho.

Michoro ya ramanini haina mambo mengi, maadamu watu wamekubaliana rangi. Katika utaratibu wa NATO, ambao vyuo vingi vya Afrika vimeufuata, upande wetu ni mstatili wa buluu, adui ni mraba mwekundu uliosimama juu ya pembe yake, asiye upande wowote ni mraba wa kijani, na asiyejulikana ni umbo la manjano lenye mabawa manne kama ua. Juu ya umbo nukta tatu ni platuni, mstari uliosimama ni kombania, miwili ni batalioni, X ni brigedi, XX ni divisheni. Lakini maofisa waliofundishwa kwa mtindo wa Kirusi wamezoea kinyume: wekundu ni wao wenyewe na buluu ni adui. Katika jeshi la nchi kama zetu, ambalo limepeleka vijana wake kusoma kila pembe ya dunia, utawakuta wa namna zote mbili katika hema moja. Kalamu zisifunguliwe kabla rangi hazijaandikwa pembeni mwa ramani.

Umbo la manjano ndilo ninalokusihi ulipende. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Na watu wa huku, ambao walikwisha kuonja mashambulio ya namna hiyo Novemba 1996, hawapuuzi tena kivuli chochote kilimani. Siwalaumu. Lakini mwenyekiti wa kijiji akikupigia simu akasema «maadui wameingia», kazi yako si kuandika adui. Muulize taratibu: umeona watu wangapi, wamebeba nini, wanaelekea wapi, saa ngapi, na umewaona wewe au umeambiwa? Akijibu kwamba ni wanaume watano wenye mizigo, wanaosema Kinande, hajakwambia adui bado. Huenda ni wachuuzi wa kahawa, kwani lugha hiyo katika milima hii haimtofautishi mtu na jirani yake. Andika watano, andika mizigo, chora manjano. Mwenye mamlaka ya kubadili rangi yupo, naye si wewe.

Vyeo vya wenzako viache kama walivyovipata. Mwite kanali wa Kongo kanali, na usijitie kumtafutia tafsiri. Maneno ya redio, roja kwa nimepokea na ova kwa nasubiri jibu lako, yameshazoeleka, nayo yabaki. Ila mwonye kila kijana kwamba roja haina maana ya «nitafanya». Aliyepokea amepokea tu.

Liwe na wewe daftari gumu lenye safu nne: neno, maana yake Bwera, maana yake Kasindi, na neno lililokubaliwa badala yake. Lijaze mkiwa mmeketi pamoja, wakati wa utulivu, chai ikiwa mezani, si siku ya mapambano. Nakala ziwe mbili, zenye tarehe moja na sahihi za pande zote mbili katika kila ukurasa, moja ilale huku na moja kule. Neno likiongezwa katika moja kabla ya nyingine, daftari zima limebatilika. Na asubuhi utakapoanza kazi, ukivuka daraja la Mpondwe, usiiguse saa yako mkononi: iache ilivyo, na uandike C.